Sura ya 6: Pima Mwanya, Si Sindano

Kabureta nyingi hugawa kazi kwa jeti kadhaa. Moja hulisha injini inaponguruma gari likiwa limesimama, nyingine hulisha mwendo wa kawaida, na pengine kuna pampu ndogo ya kumwaga petroli dereva anapokanyaga ghafla. Kabureta ya SU ya Uingereza haikuufuata mtindo huo. Ina jeti moja tu, na ndani ya jeti hiyo hupanda na kushuka sindano iliyochongwa, nene juu na nyembamba chini. Petroli hupita kwenye mwanya unaobaki kati ya sindano na ukuta wa jeti.

Aliyeibuni ni George Herbert Skinner, mtu wa ukoo wa wauza viatu, aliyeiombea hataza mwaka 1905. Mahali ambapo leo kuna pistoni ya chuma, yeye aliweka mfuko wa ngozi wa kukunjamana. Kampuni ilisajiliwa mwaka 1910, na mwaka 1926 mtengenezaji wa magari W. R. Morris akainunua. Kwa njia hiyo SU ikaingia kwenye Morris Minor, Mini na MGB, na ikatumika pia kwenye magari mengine mengi ya Kiingereza, zikiwamo Jaguar.

Uzuri wake uko kwenye pistoni. Injini ikivuta hewa nyingi zaidi, pistoni huinuka na kuipanulia hewa njia, hivyo mvuto ulio juu ya jeti hubaki karibu uleule. Kwa hiyo kimo cha pistoni ni kipimo cha hewa inayopita. Sindano nayo imekazwa chini ya pistoni hiyohiyo. Kila kimo cha pistoni kina unene wake wa sindano ndani ya jeti, na kila unene una kiasi chake cha petroli. Gari la kisasa huweka uamuzi huo kwenye kompyuta. SU imeuchonga kwenye kipande cha chuma kisichofika urefu wa kidole.

Sindano zilizowahi kutengenezwa ni mamia, na kila moja ina herufi au namba ndogo iliyogongwa kwenye shina lake: EB, GZ, M na kadhalika. Majedwali ya kiwanda hutaja kipenyo cha kila sindano katika vituo vilivyoachana kwa moja ya nane ya inchi, yaani milimita 3.175. Kituo cha kwanza kiko juu kabisa, penye unene mkubwa. Sindano za kabureta ndogo huwa na vituo 13, za kabureta kubwa hufika 16. Fundi anayetafuta sindano nzito kidogo kuliko aliyonayo, yaani inayoruhusu petroli zaidi, hukabiliwa na kurasa za tarakimu kama 0.0855 na 0.0800, zote za inchi, zote zikifanana. Hapo ndipo macho hudanganya.

Tuchukue jeti ya 0.090, ambayo ni ya kawaida kwenye kabureta ndogo za SU, na sindano ya mfano ambayo nimeitunga mwenyewe ili hesabu iwe rahisi. Kwenye kituo cha 2 ina 0.0855, kwenye kituo cha 6 ina 0.080, kwenye kituo cha 12 ina 0.070. Sasa chukua sindano ya pili iliyo nyembamba kuliko hiyo kwa elfu moja tu ya inchi (yaani 0.001) katika kila kituo. Ukitazama jedwali utasema sindano hizi mbili zinakwenda sambamba, na kwamba ya pili ni nzito kidogo mahali pote kwa kiasi kilekile. Piga hesabu ya eneo la mwanya. Kwenye kituo cha 12 sindano ya pili inaongeza petroli kwa asilimia 4 tu. Kwenye kituo cha 6 inaongeza asilimia 9. Kwenye kituo cha 2, ambako injini inanguruma bila kukanyagwa, inaongeza asilimia 22, na injini hiyo itatoa moshi mweusi na kulowesha plagi kabla hujatoka getini.

Sababu ni nyepesi. Juu, sindano inakaribia kuijaza jeti, na mwanya ni mwembamba mno. Elfu moja ya inchi ni sehemu kubwa ya kilichopo. Chini, mwanya umeshapanuka, na elfu hiyohiyo haionekani. Tarakimu za kiwanda zinapima chuma. Injini haili chuma, inakula kilichopita kando yake.

Hii ndiyo kazi ya lahajedwali, ambalo wengi wetu tunaliita Excel hata tunapotumia programu nyingine. Safu ya kwanza iwe ya vituo. Safu ya pili, vipenyo vya sindano uliyonayo. Ya tatu, vya sindano unayoifikiria. Seli B1 iwe ya kipenyo cha jeti. Kisha eneo la mwanya kwa kila kituo: =PI()/4*($B$1^2-B4^2). Alama za dola zinaishikilia jeti isihame unapoiburuta fomula kwenda chini. Safu ya mwisho ndiyo ya maana kuliko zote: gawa mwanya wa sindano mpya kwa mwanya wa ile ya zamani, toa moja, onyesha kwa asilimia. Chora grafu ya safu hiyo peke yake. Wengi huchora vipenyo vya sindano zote mbili wakapata mistari miwili iliyogandana isiyosema lolote. Grafu ya asilimia inapiga kelele mahali penye tofauti.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, geuza hesabu. Badala ya kuuliza sindano fulani itafanya nini, uliza injini yako inataka sindano gani. Hapo unahitaji vipimo viwili barabarani. Cha kwanza ni kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi kinachosoma uwiano wa hewa na petroli. Cha pili ni kimo cha pistoni, na wapo wanaopachika kijiti chembamba chepesi juu yake kikatokeza kwenye tundu la dampa lililo juu ya kabureta, wakakisoma kwa rula. Tuseme pistoni ikiwa kwenye kituo cha 6 kihisi kinasoma 16, nawe kwa mwendo wa kawaida unataka 14.7. Gawa 16 kwa 14.7: mwanya unatakiwa uongezeke kwa karibu asilimia 9. Lahajedwali linakurudishia kipenyo kwa kipeo cha pili cha jeti, ukitoa tofauti ya vipeo iliyozidishwa, kisha kipeuo cha pili cha jibu: 0.0800 inakuwa 0.0791. Fanya hivyo kituo kwa kituo, na utapata sindano ya ndoto ambayo huenda haijawahi kuchongwa na kiwanda chochote.

Halafu unaitafuta jirani yake. Ukiwa umeingiza majedwali ya kiwanda, mstari mmoja kwa kila sindano, fomula ya SUMXMY2 inajumlisha vipeo vya pili vya tofauti kati ya mistari miwili, na sindano yenye jumla ndogo kabisa ndiyo iliyo karibu nawe. Lakini linganisha eneo la mwanya kwa asilimia, usilinganishe vipenyo, la sivyo umerudi kwenye mtego uleule. Vipe vituo uzito pia. Gari la kwenda kazini halifiki kituo cha 12 mara nyingi. Sindano iliyokosea huko na kupatia kati ya kituo cha 3 na cha 7 ni bora kwake kuliko iliyokosea kidogo kila mahali. Gari la mashindano lina mizani nyingine.

Kuna mambo ambayo jedwali halioni. Sindano za herufi tatu, kama ABB, husukumwa na springi ndogo zikaegemea upande mmoja wa jeti, na mwanya ulioegemea hupitisha petroli tofauti kidogo na ule wa duara kamili hata eneo likilingana. Linganisha za jamii moja. Springi ya pistoni nayo huuzwa kwa rangi, ya bluu ikiwa laini, kisha nyekundu, njano na kijani. Ukiibadilisha, hewa ileile itaiinua pistoni hadi kimo kingine, na vituo vyote kwenye vipimo vyako vimehama. Jeti iliyoliwa na sindano kwa miaka haina tena 0.090 wala haina duara. Hiyo hubadilishwa kwanza, ndipo kompyuta iwashwe.

Mahali ambapo hesabu hii inatugusa sisi wa Afrika Mashariki ni kwenye mwinuko. Mwaka 1965 ndugu Joginder na Jaswant Singh walishinda mashindano ya magari ya East African Safari kwa Volvo PV544, gari ambalo modeli yake ya Sport ilitoka kiwandani na kabureta mbili za SU. Kabureta kama hizo zikipanda kutoka bahari ya Mombasa hadi Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hukuta hewa iliyopungua uzito kwa karibu asilimia 15. Kabureta ya SU haijui hilo. Pistoni huinuka kufuata mvuto, petroli hutoka vilevile, lakini hewa inayopita sasa ni nyepesi, na mchanganyiko unakuwa mzito kwa karibu asilimia 9. Ili kuurudisha, mwanya upunguzwe kwa asilimia 8 kila kituo.

Tabia ya mafundi wengi ni kukaza nati ya chini na kuinua jeti. Lahajedwali linaweza kuionyesha tabia hiyo kwa seli moja zaidi: jeti ikipanda sehemu ya kituo, kila kipenyo kinasomwa kwa wastani kati ya kituo chake na cha juu yake. Kwa sindano yetu ya mfano, kuinua jeti karibu milimita 1.3 kunapunguza mwanya kwa asilimia 12 kwenye kituo cha 2, asilimia 6 kwenye cha 6, na asilimia 3 tu kwenye cha 12. Gari litazimika kwenye foleni na bado litameza petroli ya ziada likipanda mwinuko wa Mai Mahiu. Sindano inayostahili Nairobi, kwa hesabu ileile, ni nene zaidi kuliko ya pwani kwa elfu 0.4 ya inchi kwenye kituo cha 2, elfu 0.8 kwenye cha 6, na elfu 1.8 kwenye cha 12. Ukizipanga kwenye jedwali la kiwanda utaziona zikiachana kadiri unavyoshuka, na mtu asiyepiga hesabu ataiweka ya Nairobi kando akidhani ni ya injini nyingine kabisa.