Shahada Itafutwayo kwa Vidole Kumi

Mwaka 1792, wakati mji wa Paris ulipokuwa ukitikiswa na mapinduzi, Bernard Sarrette, aliyekuwa katika jeshi la Walinzi wa Taifa, alifungua shule ya kuwafundisha vijana muziki wa bendi ya jeshi hilo. Taifa lilihitaji wapiga tarumbeta na ngoma kwa gwaride na kwa sherehe za umma, nao hawakutosha. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 1795, shule hiyo ya walinzi iliunganishwa na shule ya uimbaji iliyoachwa na wafalme, na hapo kikazaliwa chuo cha muziki cha Paris, ambacho hata leo kinahesabiwa miongoni mwa vyuo vikubwa vya fani hiyo duniani. Nchi nyingine zilipoanzisha vyuo vyao, nyingi ziliutazama mfano huo.

Kwa hiyo askari au polisi anayeusoma ukurasa huu asidhani kuwa habari za shahada ya muziki ni za watu wa sebuleni tu. Chuo kilichoigwa na wengine kilitoka katika safu za jeshi, na wako hata leo wapigaji ambao, baada ya kuihangaikia shahada ya juu ya piano kwa miaka mingi, huishia kuvaa sare. Makala haya yanaeleza jinsi shahada hiyo itafutwavyo, hasa nchini Marekani ambako imeenea sana, inadai nini kwa mwanafunzi, na humpa nini akishaipata.

Mtu akimaliza shahada ya kwanza ya muziki, ambayo nchini humo huchukua miaka minne, anaweza kuomba shahada ya pili, yaani uzamili, ambayo kwa kawaida ni ya miaka miwili. Juu ya hiyo iko shahada ya udaktari wa sanaa za muziki, iliyoanza kutolewa katika miaka ya 1950, na chuo cha Eastman cha mjini Rochester kilikuwa mstari wa mbele katika jambo hilo. Kabla ya hapo udaktari wa muziki ulikuwa hasa wa wanachuoni waandikao historia na nadharia, au wa watunzi. Mpigaji, hata angekuwa hodari kiasi gani, hakuwa na ngazi yake mwenyewe. Udaktari huu mpya ulimpima mtu kwa kile akifanyacho kwa mikono yake mbele ya mashahidi, na ndipo ilipo tofauti kubwa baina ya shahada hii na nyinginezo. Mwanafunzi wa sheria akisahau jambo hurudi kitabuni. Mpiga piano akisahau jambo katikati ya onyesho lake, ukumbi mzima hulisikia kosa hilo papo hapo, wala hakuna wa kumsaidia.

Mlango wa kuingilia ni mwembamba. Mwombaji hupeleka kwanza muziki aliorekodi, na vyuo vingi huupokea mwanzoni mwa Desemba. Wachache wanaochaguliwa huitwa kati ya Januari na Machi kupiga mbele ya jopo la walimu. Hutakiwa kuandaa muziki wa zama mbalimbali: prelyudi na fuga ya Bach, sonata nzima ya Haydn, Mozart, Beethoven au Schubert, kazi kubwa ya karne ya 19, kama vile ya Chopin au Liszt, na kazi ya zama zilizo karibu nasi. Yote hayo huchukua muda wa karibu saa nzima, na aghalabu hupigwa kwa kichwa, bila karatasi mbele ya macho. Lakini jopo huenda likamsikiliza kwa robo saa tu. Humkatiza katikati ya kifungu na kumtaka aruke hadi sehemu nyingine, hasa ile ngumu au ile ya polepole ambayo vijana hawapendi kuifanyia mazoezi. Askari anayajua haya: mkaguzi wa kikosi hana haja ya kukagua bunduki zote, huchukua moja, na mara nyingi ni ile ambayo mwenyewe hakuitarajia.

Hiyo fuga ya Bach yafaa kuelezwa kidogo, kwa kuwa ndiyo inayowaangusha wengi. Bach aliandika vitabu viwili vya prelyudi na fuga, cha kwanza mwaka 1722, jumla yake jozi 48. Katika fuga hakuna mkono wa kuimba na mwingine wa kuitikia. Kuna sauti tatu au nne, kila moja na njia yake, zikifuatana, zikikimbizana, zikipishana, na mpigaji ana vidole kumi tu vya kuziongoza zote. Sauti moja ikilala kwa nukta moja, mwalimu aliye mwisho wa ukumbi huisikia.

Hapa vijana wengi wa Afrika hukwama, wala si kwa uvivu. Wengi hujifunzia kanisani, kwenye kibodi ya umeme yenye vibao 61 vilivyo vyepesi kama vya taipureta. Piano ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na kila kimoja kina uzito wake kwa sababu huinua nyundo ndogo inayokwenda kugonga nyuzi. Mkono uliozoea wepesi huchoka upesi, na sauti yake hutoka tambarare, bila kina. Tena vyuo hutaka muziki uliorekodiwa kwenye piano yenyewe, iliyolinganishwa nyuzi zake vizuri, na piano ya namna hiyo si rahisi kuipata katika kila mji. Aidha, cheti cha daraja la nane cha mitihani ya Uingereza, ambacho kwetu huonekana kuwa kilele, kwa kweli ni maandalizi ya kuanza shahada ya kwanza. Kati ya cheti hicho na shahada ya pili kuna miaka kadhaa ya mazoezi ya kila siku. Hata hivyo si lazima kila anayetaka kusoma muziki zaidi avuke bahari. Chuo Kikuu cha Kenyatta nchini Kenya, kwa mfano, kina masomo ya muziki hadi ngazi za juu.

Ama kwa askari, hakuna kisa kinachofaa kusimuliwa kuliko cha Dave Brubeck. Alizaliwa mwaka 1920 katika jimbo la California, baba yake mfugaji wa ng'ombe, mama yake mwalimu wa piano. Alijifunza kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Alikwenda chuoni mjini Stockton ili awe daktari wa mifugo, lakini mwalimu wake wa elimu ya wanyama alipoona kwamba akili ya kijana iko upande wa pili wa uwanja, katika jengo la muziki, alimshauri ahamie huko. Akahamia. Mwishoni mwa masomo ikagundulika jambo la aibu: mwanafunzi huyu aliyekuwa akiwashangaza wenzake kwa upigaji wake hakuwa anajua kusoma nota. Nusura afukuzwe. Baadhi ya walimu walimtetea, wakieleza kipaji chake cha kutunga, na hatimaye akapewa shahada kwa sharti moja, nalo ni kuahidi kwamba kamwe hatafundisha piano.

Hayo yalikuwa mwaka 1942, na mwaka huo huo aliingia jeshini. Mwaka 1944 alikuwa Ulaya katika jeshi la Jenerali Patton, akiwa miongoni mwa askari wa kujazia nafasi za waliokufa na kujeruhiwa. Siku moja wasanii wa Red Cross walikuja kuwatumbuiza askari wakahitaji mpiga piano. Brubeck akajitokeza. Alipiga vizuri kiasi kwamba aliondolewa katika orodha ya waendao mapambanoni, akaamriwa aunde bendi. Bendi hiyo iliitwa Wolfpack, na ilikuwa na askari weusi na weupe pamoja, wakati ambapo jeshi la Marekani lilikuwa bado linawatenga. Amri ya Rais Truman ya kukomesha utengano huo ilitolewa mwaka 1948.

Vita vilipokwisha, mamilioni ya askari walirudi nyumbani bila kazi. Serikali yao ilikuwa imejiandaa. Juni 22, mwaka 1944, Rais Roosevelt alitia saini sheria iliyomlipia askari aliyerudi ada ya masomo hadi dola 500 kwa mwaka, pamoja na posho ya kujikimu, na hadi mwaka 1956 wapatao milioni 7.8 walikuwa wameitumia kwa masomo na mafunzo ya kila aina. Sheria hiyo haikumwuliza askari kwa nini anataka kusoma muziki badala ya uhandisi. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake.

Kwa msaada huo Brubeck alijiandikisha mwaka 1946 katika masomo ya juu ya Mills College, mjini Oakland. Mills kilikuwa chuo cha wanawake, lakini ngazi hiyo ya juu iliwapokea wanaume pia. (Chuo hicho kiliunganishwa na chuo kikuu cha Northeastern mwaka 2022.) Mwalimu wake alikuwa Darius Milhaud, mtunzi Mfaransa wa asili ya Kiyahudi, aliyeikimbia nchi yake mwaka 1940 Wajerumani walipoivamia. Milhaud alikuwa mgonjwa wa viungo, akifundisha mara nyingi akiwa katika kiti cha magurudumu. Alimfunza Brubeck fuga na namna ya kuziandikia ala za okestra, lakini hakumtaka aiache jazi ili afanane na wengine. Mwalimu mwingine angeanza kwa kumfuta mwanafunzi kama ubao na kumwandika upya. Brubeck alimwita mwanawe wa kwanza Darius. Santuri yake ya mwaka 1959, yenye kibao cha mapigo matano kilichotungwa na Paul Desmond, mpiga saksafoni aliyekutana naye jeshini, ilienea duniani kote, na mwenyewe aliendelea kupiga hadi uzeeni. Alifariki Desemba 2012.

Lakini tusimfanye Brubeck kuwa kipimo. Kwa kila mmoja aliyefika alikofika yeye wako mamia waliomaliza shahada zao na kubaki wakitafuta kazi. Nafasi za kudumu za kufundisha piano katika vyuo vikuu ni chache, na kila moja hugombewa na watu wengi wenye udaktari. Wengine hufundisha kipindi hapa na kipindi pale, wakilipwa kwa somo. Na gharama si ndogo: ada ya vyuo vya binafsi vyenye jina hupita dola 50,000 kwa mwaka, bila chakula wala malazi. Iko njia ya kuipunguza. Vyuo vingi humsamehe ada mwanafunzi wa ngazi ya juu, na kumpa posho, kwa sharti kwamba awafundishe wanaoanza au awasindikize waimbaji. Shule ya muziki ya Yale iliondoa ada kwa wanafunzi wake wote kutokana na zawadi ya dola milioni 100 iliyotangazwa mwaka 2005. Sisi twasema wazi: asiyepata ufadhili wa namna hiyo asikope fedha kwa ajili ya shahada hii. Deni lake huishi muda mrefu kuliko makofi ya ukumbini.

Huko kusindikiza waimbaji ndiko kuliko na mkate zaidi. Kila mwimbaji na kila mpiga fidla anayetaka kutahiniwa anahitaji mtu kwenye piano, na mtu huyo lazima aweze kusoma nota mpya papo kwa papo, apumue pamoja na mwimbaji, na amfuate hata akiruka mstari. Zamani kazi hii ilidharauliwa. Mwaka 1947 Gwendolyn Koldofsky alianzisha shahada ya kusindikiza katika chuo kikuu cha Southern California, na leo ni tawi linaloheshimiwa katika vyuo vingi.

Wako pia wasomao ala za jamaa ya piano. Kinanda cha mabomba hutoa sauti kwa upepo, na mpigaji wake hutumia hata miguu, kwa kuwa chini yake kuna safu nyingine ya vibao. Mwanafunzi wake hulazimika kuomba saa za mazoezi makanisani, mara nyingine usiku. Hapsikodi, iliyotangulia piano, hudonoa nyuzi badala ya kuzigonga, na ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole sauti yake haibadiliki sana; hisia hutafutwa katika muda, si katika uzito wa kidole.

Hatari ya fani hii imo mikononi. Leon Fleisher, mmoja wa wapigaji wakubwa wa Marekani, alipoteza uwezo wa vidole vya mkono wake wa kulia katikati ya miaka ya 1960, akiwa hajafika hata miaka arobaini. Alipiga kazi za mkono wa kushoto, akafundisha kwa miongo mingi katika chuo cha Peabody, na ilikuwa miaka ya 1990 alipoanza kurudi kwenye mikono miwili. Kazi nyingi alizozitegemea ziliandikwa kwa ajili ya askari: Paul Wittgenstein wa jeshi la Austria, aliyepoteza mkono wa kulia mwaka 1914 na kutekwa na Warusi. Mtunzi Ravel ni mmoja wa waliomwandikia.

Anayestahimili hayo hufanya maonyesho kadhaa ya hadhara, mitihani ya historia na nadharia, mara nyingine na lugha ya kigeni, kisha huandika tasnifu na kuitetea mbele ya walimu wake.

Baadhi ya wahitimu hao huenda Washington kujaribu bahati yao katika bendi ya wanamaji wa Marekani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1798 na ambayo kazi yake ni kumpigia Rais. Huko hakuna anayeuliza kwanza juu ya cheti. Mwombaji hupiga nyuma ya pazia, ili waamuzi wasimjue ni nani. Akishinda hupewa cheo cha staff sajenti na koti jekundu, na bila kupitia mafunzo ya kuruta, jambo ambalo wanamaji wengine wote hawalipati, hupelekwa Ikulu kupiga piano wakati wageni wakila chakula cha jioni.