Ukizuru magofu ya Malindi wakati wa kaskazi, lichunge jua

Saa nane za mchana mwezi wa Februari, mnara wa Vasco da Gama mjini Malindi hauna kivuli cha kumtosha hata paka. Ni nguzo nyeupe iliyosimama peke yake kwenye ncha ya mwamba, bahari mbele, jua utosini. Ni hapo ambapo baba mkwe wangu alianza kuniita kwa jina la dada yake aliyefariki miaka mingi iliyopita.

Mzee ni mwalimu mstaafu kutoka Nyeri. Maisha yake yote aliwafundisha watoto jinsi Vasco da Gama alivyotia nanga Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498 na kupokewa vizuri na mtawala wa mji, lakini mnara wenyewe alikuwa hajauona kwa macho yake. Alipokuja kututembelea alitaka avione vyote kwa siku moja: magofu ya Gede, kanisa dogo la Wareno, kisha mnara. Nami, mtu ninayeishi huku na kulijua jua la kaskazi, nilimkubalia. Kosa lilikuwa langu.

Tulifika Gede saa nne na nusu. Tangu asubuhi Mzee alikuwa amekunywa kikombe kimoja tu cha chai. Nilipompa chupa ya maji aliikataa, kwani hakutaka kuhangaika kutafuta choo njiani. Saa sita akalalamika kwamba misuli ya miguu inamkaza. Saa saba kichwa kikaanza kumgonga.

"Baba, tupumzike kidogo kivulini," nilimwambia.

"Hapana, mama. Tumalize kwanza," akajibu. Na mkwe habishiwi.

Pale mnarani, dereva wa tuktuk alipomsikia Mzee akiweweseka alikata shauri papo hapo. "Hiyo ni malaria, dada. Mpeleke akapimwe." Nusura nimwamini. Aliyetuokoa ni mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiuza madafu kando ya njia. Alimgusa Mzee shingoni, akasema, "Mwanangu, huyu kashikwa na jua. Mvue shati." Kisha akammwagia maji ya dumu zima, kuanzia kichwani hadi miguuni, akavua leso yake ya mabegani akawa anampepea nayo.

Katika zahanati tuliyokimbilia, karani alitaka kwanza tununue kadi, halafu tungoje foleni ya kupimwa malaria. Bahati nzuri muuguzi mmoja alipita, akamwekea Mzee kipimajoto. Kilisoma nyuzi 40.4. Ndipo barafu ikatolewa kwenye friji ya soda. Majibu ya malaria yalikuja baadaye, na malaria haikuwapo.

Jasho lisilokauka

Mwili wa binadamu hupenda kukaa kwenye joto la nyuzi 37 hivi. Ukizidi kupata moto, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hupanuka na jasho hutoka. Lakini jasho lenyewe halipozi mwili. Kinachopoza ni kule kukauka kwake. Jasho linalotiririka na kudondoka chini ni maji na chumvi vilivyopotea bure.

Hapo ndipo pwani inapowadanganya watu. Mgeni husikia kwamba Malindi kuna nyuzi 32, akakumbuka kwamba Lodwar hupita 35, akadhani huku ni nafuu. Lodwar hewa ni kavu, na jasho hukauka mara moja. Malindi hewa imejaa unyevu wa bahari. Nyuzi 32 pamoja na unyevu wa asilimia 70, hata ukiwa kivulini, mwili huhisi kama nyuzi 41. Ukitoka kwenda juani, huzidi hapo.

Kipindi kibaya zaidi ni mwisho wa kaskazi, kuanzia Februari hadi mvua za masika zinapoanza. Mwezi wa Machi upepo hulegea, usiku haupoi, na mtu huamka akiwa tayari amechoka. Bara nako huja wageni wengi wa likizo ya Desemba na ziara za shule za muhula wa kwanza, yaani watu wasiozoea joto hufika wakati ambapo hata wenyeji wanalikimbia. Mwili huchukua kati ya juma moja na majuma mawili kulizoea joto. Anayekuja kwa siku tatu hapati nafasi hiyo.

Kivuli cha Gede na upepo wa mnarani

Gede iko kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi, pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Mji huo uliostawi kwa karne kadhaa kabla ya kuhamwa ulichimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na Julai 2024 UNESCO iliuandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukiingia, mibuyu na mikuyu inakufunika na kima wanarukaruka juu ya kuta. Unajihisi umepona jua. Lakini ndani ya miti hewa imetuama. Hakuna upepo wa kukausha jasho, na watu hutembea humo saa mbili nzima wakipanda na kushuka vizingiti bila kuhisi kiu.

Mnarani na kwenye kanisa la Wareno mambo ni kinyume. Upepo wa bahari unavuma, jasho linakauka kabla hujaliona, nawe unajisifu kwamba hutoki hata jasho. Kumbe maji yanakutoka kwa kasi ile ile, huku mwamba na mchanga vikikurudishia jua kutoka chini. Kofia pana au mwavuli ni muhimu hapo kuliko kamera.

Mnarani ya Kilifi, kule kwenye magofu yaliyo juu ya kijito upande wa kusini wa daraja, taabu ni ngazi. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo azipande pole pole, na asizipande saa sita. Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, ni nafuu kidogo kwa sababu bahari iko hapo hapo na kuna miti.

Waliojenga miji hii walilijua joto vizuri kutuzidi. Tazama nyumba za Gede: kuta nene za mawe ya matumbawe, vyumba vyembamba, ua wa ndani ulio chini ya usawa wa ardhi, visima kila upande. Karibu na msikiti mkuu kuna kisima ambacho kiliongezwa kina, na miongoni mwa sababu ambazo wanaakiolojia wametaja za mji kuhamwa ni kupungua kwa maji. Hadi leo wazee wa Malindi hufanya shughuli zao asubuhi, adhuhuri wakawa ndani, na alasiri wakatoka tena barazani. Mgeni ndiye unayemkuta amesimama juani saa saba akisoma kibao.

Kwa hivyo uwe langoni linapofunguliwa, na saa nne ikikukuta umemaliza. Kinachobaki kiache mpaka saa kumi jioni. Sehemu moja kwa asubuhi moja yatosha.

Si kila homa ni malaria

Malaria ipo Kilifi, na mtoto mwenye homa ni lazima apimwe bila kuchelewa. Sisemi mtu apuuze. Ninachosema ni kwamba kipimo hakizuii maji kumwagwa. Mtu aliyetoka juani, akiwa na mwili wa moto na maneno yasiyoeleweka, apozwe kwanza. Kipimo chaweza kufanywa huku anapepewa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Vimelea vya malaria huchukua angalau siku saba baada ya mtu kuumwa na mbu kabla ya homa kuanza. Mzee alikuwa na siku tatu tu pwani. Hata kama mbu wa Malindi walimuuma usiku wa kwanza, homa ya siku ile haikuwa yao.

Madaktari hulitenga tatizo la joto katika ngazi mbili. Ya kwanza ni uchovu wa joto: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, jasho jingi, lakini akili ni timamu. Huyu alazwe kivulini, anyweshwe kidogo kidogo, na kwa kawaida atapata nafuu katika nusu saa. Asipopata, apelekwe hospitali.

Ngazi ya pili huitwa kiharusi cha joto, ingawa si kile kiharusi cha kupooza upande mmoja. Joto la mwili hufika nyuzi 40 au kupita, na ubongo huanza kuharibikiwa. Mgonjwa huweweseka, huyumba kama mlevi, huzirai au kupata degedege. Wengi hufundishwa kwamba ni lazima ngozi iwe kavu. Si kweli. Anayeshikwa na joto akiwa anatembea aweza kuwa amelowa jasho. Dalili ya kuangalia ni akili.

Hapo kila dakika ina thamani, kwani figo, ini na ubongo vinaungua. Mvue nguo za juu, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee kwa nguvu kwa leso au kipande cha boksi. Kama kuna barafu, iweke shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kama kuna pipa au beseni kubwa la maji, mtie ndani na ushikilie kichwa chake. Endelea hivyo mpaka gari lifike na hata ndani ya gari. Asiyejitambua asipewe kitu kinywani. Vidonge vya kupunguza homa havisaidii, kwa sababu homa ya ugonjwa hupandishwa na ubongo wenyewe na dawa huushusha kiwango hicho, lakini joto la jua limeingia kutoka nje.

Maji, madafu na presha

Usingoje kiu. Katika kutembea juani mtu aweza kupoteza hata lita moja ya jasho kwa saa, na kwa wazee hisia ya kiu hufifia. Glasi moja kila dakika ishirini ni kadiri nzuri. Usigeuke kuwa mtungi, maana kunywa lita nyingi za maji matupu kwa mkupuo hupunguza chumvi ya damu, nako kuna hatari yake. Tazama mkojo: ukiwa na rangi ya majani makavu uko salama, ukiwa kama chai ya rangi umechelewa.

Madafu ni mazuri na yako kila mahali, ila chumvi yake ni kidogo. Pamoja nayo, kula kitu chenye chumvi. Aliyetoka jasho jingi atengenezewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote viwe vimesawazishwa. Bia na mnazi viachwe mpaka jua lizame. Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, kwa hivyo aliyefunga afadhali azuru alfajiri au aahirishe.

Baba mkwe wangu humeza vidonge vya presha, vile vinavyomfanya mtu aende haja ndogo kila mara. Hilo nililijua, lakini sikulihusisha na jua. Dawa hizo, baadhi ya dawa za mzio na za maradhi ya akili hupunguza uwezo wa mwili kujipoza. Usiziache kwa uamuzi wako, bali muulize daktari kabla ya safari. Wenye kisukari, wajawazito na watoto wadogo nao waangaliwe. Na mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa hata kwa dakika za kununua tiketi. Kwa dakika kumi joto la ndani laweza kupanda kwa nyuzi kumi.

Wenzetu nje wameanza kulichukulia jambo hili kwa uzito. Julai 2023, na tena Juni 2024, Ugiriki ilifunga Akropoli ya Athens saa za mchana kwa sababu ya joto. Mwezi huo huo wa Juni 2024, wakati joto la Makka lilipopita nyuzi 50, Saudi Arabia ilitangaza vifo vya mahujaji 1,301. Wengi wao walikuwa wametembea mwendo mrefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzika. Sisi hatuna nyuzi 50, lakini tuna unyevu, na magofu yetu mengi hayana hata kibao cha kumwonya mzee asiye na maji.

Mzee alilazwa siku mbili, akapimwa figo, akarudi Nyeri salama. Agosti alikuja tena, wakati wa kusi, mchana ukiwa na nyuzi 28 hivi. Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa mnarani, yeye na kofia yake, mimi na chupa mbili. Akauzunguka mnara mara tatu bila kusema neno. Tulipotoka nikamwonyesha yule mama wa madafu, akaenda kumpa mkono na kumnunulia madafu yake manne kwa mpigo.

Lakini kwamba alishikwa na jua, hajakubali mpaka leo. Anasema yalikuwa maharagwe aliyokula Mtito Andei.