Jokofu la Chanjo Linaposoma Joto Lisilo la Kweli

Asubuhi ya Jumatatu muuguzi wa zahanati anafungua chumba cha chanjo na kukuta kioo cha jokofu kinaonesha nyuzi 14 za Sentigredi. Ijumaa jioni kilionesha 5. Umeme upo, kompresa inanguruma, mlango umefungwa barabara, na akina mama wameshaanza kuketi kwenye benchi na watoto wao. Afanye nini?

Swali hili nimelitoa mara nyingi katika mafunzo ya wahudumu, na majibu mawili ndiyo hutangulia siku zote. Wapo wanaosema chanjo zitupwe, kwa kuwa zimevuka nyuzi 8. Wapo wanaosema kitufe kigeuzwe ili jokofu liongeze baridi. Jibu la kwanza laweza kuwa hasara ya bure. La pili laweza kuwa la hatari, na ili kuona hatari hiyo ilipo yafaa kwanza kujua ile namba inatoka wapi.

Namba iliyo kwenye kioo si joto la vichupa. Ni ushahidi wa kihisi kimoja kidogo kilichofungwa mahali fulani ndani ya jokofu. Katika majokofu mengi ya kisasa kihisi hicho ni punje ya oksidi za metali yenye nyaya mbili, na tabia yake ni kwamba ukinzani wake wa umeme hupungua joto linapopanda na huongezeka joto linaposhuka. Kihisi chenye ukinzani wa omu 10,000 katika nyuzi 25 huwa na takribani mara tatu ya kiasi hicho kinapofika nyuzi sifuri. Kidhibiti cha jokofu hakihisi joto hata kidogo. Kinapima ukinzani, kinautafsiri kuwa nyuzi, kisha kinaiamuru kompresa ifanye kazi au ipumzike.

Waya wa kihisi ukikatika, ukinzani huwa hauna kikomo, na kidhibiti huona baridi isiyowezekana. Nyaya zikigusana, ukinzani hupotea, na kidhibiti huona joto la ajabu. Vidhibiti vingi vimeundwa kuzitambua hali hizi mbili na kuonesha alama ya hitilafu badala ya namba. Kosa la namna hiyo linajitangaza lenyewe, wala halinisumbui sana.

Linalonisumbua ni kosa la nusunusu. Ndani ya jokofu mna unyevu mwingi, hasa huku kwetu pwani na kandokando ya maziwa. Gamba la kihisi likipata ufa, maji hupenya na umeme hupata kijinjia cha pembeni. Ukinzani hushuka, na kidhibiti huamini kwamba jokofu lina joto kuliko lilivyo. Kompresa huamriwa kufanya kazi mfululizo, na vichupa huganda huku kioo kikilalamika kwamba kuna joto. Kinyume chake hutokea kiungio cha waya kinaposhikwa na kutu: ukinzani huongezeka, kidhibiti hudhani kuna baridi ya kutosha, kompresa hupumzika, na chanjo hupata joto chini ya kioo kinachosema 4 kwa utulivu kabisa.

Sasa mrudie muuguzi wetu wa Jumatatu. Kioo chake kinasema 14 na kompresa inanguruma. Huenda jokofu kweli limeshindwa kupoza. Huenda pia kihisi kimelowa, na vichupa vyake vimekuwa chini ya sifuri tangu Jumamosi. Akigeuza kitufe kuongeza baridi, katika hali hiyo ya pili anazidi kuziharibu chanjo zake.

Wahudumu wengi waliofundishwa kuogopa joto hushangaa kusikia kwamba kuganda ndiko hasara iliyofichika zaidi. Chanjo ya pentavalenti, inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina B na maambukizi ya Hib, huwa na chumvi ya aluminiamu inayosaidia mwili kuitikia. Ikiganda, chembe zake hushikamana na nguvu yake hupungua, wala kuyeyuka hakuirejeshi katika hali yake. Chanjo ya nimonia, ya saratani ya mlango wa kizazi, ya pepopunda na ile ya polio ya sindano nazo zisigande kamwe. Matone ya polio, BCG na surua-rubela ndizo zinazostahimili kuganda, ingawa vimiminika vya kuchanganyia hizi mbili za mwisho havistahimili. Kile kiashiria cha mraba kilichobandikwa kwenye kichupa hakitakuokoa hapa: hubadilika rangi kwa joto tu. Kichupa kilichoganda usiku kucha chaweza kuwa na mraba mweupe safi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta shahidi wa pili. Kama zahanati ina kile kifaa cha kielektroniki kinachohifadhi kumbukumbu za joto za siku 30, kisomwe kabla ya kugusa chochote. Kifaa cha kawaida cha aina hiyo hutoa tahadhari joto likishuka hadi nusu nyuzi chini ya sifuri kwa muda wa saa moja, au likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, na huonesha siku iliyotokea. Kama hakipo, kipimajoto cha kawaida kiwekwe katikati ya vichupa, mlango ufungwe, na kisomwe baada ya nusu saa au zaidi. Wakati huohuo angalia kihisi chenyewe kilipo, iwapo kinaonekana. Nimewahi kuona “hitilafu” iliyokuwa kasha la chanjo lililosukumwa hadi likakifunika kihisi, na nyingine ambapo kihisi kilikuwa kimechomoka na kuegemea ukuta wenye barafu.

Shahidi naye anaweza kuwa mwongo. Kipimajoto kijaribiwe hivi: jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji safi kidogo mpaka yajaze nafasi zilizobaki, koroga, kisha tumbukiza ncha ya kipimajoto bila kugusa kikombe. Baada ya dakika chache kinapaswa kusoma sifuri, au kuikosa kwa nusu nyuzi tu. Barafu inayoyeyuka haihitaji cheti cha urekebishaji.

Wakati uchunguzi ukiendelea, chanjo zisitumike wala zisitupwe. Zihamishiwe kwenye jokofu jingine lililothibitishwa, au kwenye sanduku baridi lenye pakiti za barafu zilizoanza kuyeyuka, zile ambazo ukizitikisa unasikia maji yakicheza ndani. Pakiti zilizotoka moja kwa moja kwenye friza zitagandisha kile unachotaka kukiokoa. Ziandikwe “USITUMIE”, saa na vipimo vyote viwili viandikwe, na mratibu wa chanjo wa wilaya ajulishwe. Akina mama kwenye benchi waambiwe ukweli na wapewe siku ya kurudi. Jambo hili ni gumu, maana wengine wametembea mbali, lakini kumchoma mtoto chanjo iliyokufa ni kumrudisha nyumbani akiwa na kadi iliyojazwa na mwili usio na kinga.

Ikishukiwa kwamba chanjo zenye aluminiamu ziliganda, upo mtihani wa kutikisa. Kichupa kimoja cha aina hiyohiyo, mtengenezaji huyohuyo na toleo lilelile hugandishwa makusudi usiku kucha hadi kiwe kigumu, kisha huyeyushwa. Hutikiswa pamoja na kile kinachoshukiwa, na vyote viwili husimamishwa mezani kwa muda usiozidi nusu saa. Kinachoshukiwa kikitua mashapo kwa kasi ileile ya mwenzake, kimeharibika. Kichupa kilichokutwa kigumu kama jiwe hakihitaji mtihani.

Kihisi chenyewe ni kazi ya fundi. Atachomoa jokofu kwenye umeme, atapima ukinzani wa kihisi ndani ya barafu inayoyeyuka na kuulinganisha na jedwali la mtengenezaji. Kibadilishwe kwa kihisi cha aina ileile, kwa kuwa chenye omu 5,000 kikifungwa mahali pa chenye omu 10,000 kitadanganya tangu siku ya kwanza. Baada ya matengenezo jokofu lipimwe kwa angalau siku nzima likiwa tupu kabla ya kurudishiwa chanjo.

Wagonjwa wa kisukari wanaotunza insulini katika friji ya nyumbani wanahusika na haya pia, tena friji hizo aghalabu hazioneshi namba yoyote. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya katikati, kilale humo, ukisome asubuhi. Insulini isikae karibu na sehemu ya barafu, na iliyowahi kuganda isitumike hata kama inaonekana safi. Chupa unayoitumia sasa, kwa aina nyingi za insulini, inaweza kukaa nje ya friji kwa takribani wiki nne mahali pasipo na joto kali. Soma karatasi yake. Asiye na friji inayoaminika anaweza kuiweka ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwenye mtungi wa udongo wenye maji, kivulini. Mtungi hauna kihisi cha kuharibika, ila kumbuka kuuongezea maji kila siku.