Nusu ya Picha Huingia kwa Sikio

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, leo naanza kwa swali. Ni filamu gani uliyoiona utotoni ambayo mpaka leo hujaisahau? Na sema kweli: kinachokujia kwanza ni sura ya stelingi, au ni wimbo wake? Mimi nimewauliza watu wengi, kuanzia Kinondoni hadi Tandika, na wengi wao kabla hawajanitajia jina la filamu walikwisha anza kuuguna wimbo.

Basi leo tuzungumze juu ya muziki wa filamu: unafanya kazi gani, unatengenezwaje, na kwa nini hapa kwetu yule anayeutengeneza huwa ndiye wa mwisho kukumbukwa.

Nimekulia Kinondoni. Miaka ya sabini, kule Msasani kulikuwa na Drive-In Sinema, iliyofunguliwa mwaka 1966. Vijana wa leo hawaijui, maana mahali pale sasa pana Ubalozi wa Marekani. Watu waliingia na magari yao, wakayaegesha kuelekea kiwambo kikubwa cheupe, na kila gari likapata kispika kidogo cha kutundika dirishani. Sisi watoto tusio na senti tulikuwa na tiketi yetu wenyewe, nayo ilikuwa mwembe ulioota nje ya ua. Picha tuliiona yote. Sauti hatukuipata, maana sauti ilikuwa imefungiwa ndani ya magari ya watu.

Mwenzetu mmoja alikuwa na debe. Jioni moja akatokea mama katika picha, amevaa nguo nyeupe, machozi yanamtiririka. Yule mwenzetu akalipiga debe lake taratibu, pigo moja moja, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya msiba. Sote tukanyamaza, na mdogo wetu mmoja akaanza kufuta macho. Mara yule mtundu akabadilisha, akapiga mdundiko. Mama ni yule yule na machozi ni yale yale, lakini tulicheka mpaka mmoja wetu akaporomoka mtini.

Picha haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni debe. Na hiyo, ndugu msikilizaji, ndiyo kazi ya kwanza ya muziki wa filamu: kumwelekeza mtazamaji namna ya kukipokea kile anachokiona. Jicho linaona mlango unafunguliwa. Ni sikio linalojua kama anayeingia ni mchumba au ni muuaji.

Kazi ya pili ni kuyasema yale ambayo wachezaji hawawezi kuyasema. Mfano wake niliupata nilipopelekwa na shangazi yangu wa Temeke kwenye sinema mjini, enzi zile ambazo Empire, Empress, Avalon, Odeon na New Chox zilikuwa zinajaza watu. Tuliona Sholay, filamu ya Kihindi iliyotolewa mwaka 1975, ambayo muziki wake ulitungwa na R. D. Burman. Walioiona wanamkumbuka Jai, aliyechezwa na Amitabh Bachchan. Usiku Jai anakaa peke yake akipuliza kinanda cha mdomo. Upande wa pili, mjane kijana aitwaye Radha anazizima taa za barazani moja baada ya nyingine. Karibu hakuna neno linalopita baina yao. Mila haimruhusu mjane kuzungumza mapenzi, na Jai naye si mtu wa maneno. Kinachozungumza ni kile kinanda.

Shangazi hakujua Kihindi hata cha kuombea maji. Lakini niligeuka nikamwona ameshika pembe ya khanga mdomoni, machozi yanamtoka. Nikamuuliza, "Shangazi, amesema nini?" Akanijibu, "Hajasema kitu, mwanangu. Sikiliza." Yeye mwenyewe alikuwa mjane.

Kazi ya tatu ni kuitoa filamu nje ya ukumbi. Filamu hukaa wiki mbili ikaondoka, lakini wimbo unabaki. Awaara ya mwaka 1951 ni ushahidi. Watu waliozaliwa miaka mingi baada yake wanaujua wimbo wake, na hawajapata kuiona picha yenyewe. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Raj Kapoor, stelingi wa filamu ile, alikuwa anafumbua mdomo tu. Sauti ilikuwa ya Mukesh, aliyefariki mwaka 1976. Na sauti ya binti, aliyechezwa na Nargis, ilikuwa ya Lata Mangeshkar, ambaye alitutoka mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 92. Wahindi hawakulificha jambo hilo. Majina ya waimbaji wa nyuma ya pazia na ya watunzi wa muziki yaliandikwa kwenye matangazo na kwenye majalada ya santuri, na wakawa mashuhuri kama wachezaji wenyewe.

Nyimbo hizo ziliingia mpaka katika muziki wetu. Wapenzi wa taarabu ya Mombasa wanamkumbuka Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Alizichukua sauti za nyimbo za filamu za Kihindi akazivika mashairi ya Kiswahili, mengi yake yakiwa yametungwa na malenga Ahmad Nassir. Wako waliomlaumu kwamba anaazima. Lakini mama zetu walioimba nyimbo zile jikoni hawakuuliza hati ya mkopo.

Sasa muziki huo unatengenezwaje? Kwa kawaida mtunzi hupewa filamu ikiwa imekwisha katwa na kuungwa. Huitazama mara nyingi akiwa na saa mkononi. Anaandika: hapa mtoto anakimbia kwa sekunde 20, hapa mama anageuka, hapa pawe kimya. Naam, kimya nacho ni sehemu ya muziki, na mtunzi asiyejua kunyamaza ni sawa na mgeni asiyejua kuaga. Kisha anachagua ala. Mwaka 1962 ilitolewa filamu ya Kimarekani yenye jina la Kiswahili, Hatari!, iliyopigwa kule Arusha na kuchezwa na John Wayne. Ndani yake kuna watoto wa tembo wanaomfuata mwanamke kwenda kuoga. Mtunzi, Henry Mancini, aliwapa muziki wa kuchekesha unaotembea kwa mwendo wao wenyewe, na muziki ule ukaenea dunia nzima. Tembo wetu, mbuga zetu, jina letu, lakini sauti ikatoka Hollywood.

Je, haiwezekani sauti ikatoka kwetu? Inawezekana sana. Mwanzoni mwa miaka ya tisini majirani zetu wa Zimbabwe walitengeneza Neria, kisa cha mjane anayenyang'anywa mali na shemeji yake. Oliver Mtukudzi, aliyefariki mwaka 2019, ndiye aliyetunga muziki wake, na akacheza ndani yake pia. Aliimba kwa Kishona, kwa gitaa lake mwenyewe. Hapa Dar es Salaam nimewaona akina mama wasiojua neno la Kishona wakiusikia wimbo ule wanaacha kazi mkononi. Mambo ya mirathi ya wajane, ambayo mahakimu na mawakili huyaeleza kwa saa nzima, wimbo mmoja uliyafikisha.

Hapo ndipo ninapotaka tuangalie nyumbani. Sisi nasi tunatengeneza filamu, na kwa miaka mingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimeuzwa kwa maelfu Kariakoo. Lakini ziangalie kwa kuziba macho. Mara nyingi utasikia kinanda kimoja kinalia toka mwanzo hadi mwisho, mtu akifa kinalia, mtu akinywa chai kinalia. Au utasikia kipande kilichokatwa kutoka filamu ya Ulaya, ambacho mwenyewe hakuombwa.

Nilidhani ni uvivu wa wanamuziki, mpaka nilipozungumza na kijana mmoja jirani yangu wa Temeke. Ana kinanda na kompyuta katika chumba cha kupanga, na magodoro ameyaegemeza ukutani ili kelele za bajaji zisiingie.

Akaniambia, "Mzee, mimi filamu nililetewa saa kumi jioni. Wakasema kesho saa tatu asubuhi wanakuja kuichukua."

Nikamuuliza, "Ukaitazama mara ngapi?"

"Sikuimaliza hata mara moja. Nilipiga tu, wakapanga wenyewe."

"Na malipo?"

Akacheka. "Nilipewa ya umeme. Nyingine ilikuwa ahadi."

Filamu ilipotoka alinunua nakala, akakaa na mama yake kuitazama. Yalipoanza kupita majina mwishoni, mama akasogea karibu na televisheni. Jina la mpika chakula lilikuwapo. Jina la aliyekodisha magari lilikuwapo. La kijana wake halikuwapo. Mama akamuuliza, "Mwanangu, una hakika ulifanya kazi wewe?" Kijana akaniambia kwamba swali lile lilimuuma kuliko fedha.

Ndugu msikilizaji, nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo inamtambua mtunzi wa muziki kuwa mwenye haki katika kazi yake. Lakini sheria haitembei yenyewe kuja Temeke kugonga mlango. Wewe mwanamuziki, kabla hujawasha kinanda, dai karatasi iliyotiwa saini: kazi gani, kwa siku ngapi, malipo kiasi gani, na jina lako litaandikwa wapi. Wewe mtayarishaji, usiufanye muziki kuwa chumvi ya kunyunyiza chakula kikiwa mezani. Mpe mtunzi filamu yako mapema, mpe wiki kadhaa, na umlipe kama unavyomlipa mpiga picha. Asiyemlipa mpiga debe asishangae watu wakicheka msibani.

Nasi watazamaji tunalo letu. Filamu ikiisha, tusikimbilie kuzima. Tungoje majina yapite, tulitafute la aliyetunga muziki. Tusipoliona, tuulize.

Kwa leo naishia hapo. Panapo majaliwa, tukutane tena wiki ijayo.