KEMIA SI KUKARIRI HERUFI



Katika shule nyingi kemia hufundishwa kwa kukariri. Mwalimu huandika C2H6O ubaoni, darasa huimba, mtihani hupita, na yote husahauliwa. Mafundisho ya namna hii hayamfai mfanyakazi anayeshika madumu ya dawa kila siku.

Herufi hizo zinasema kwamba molekuli moja ina atomi 2 za kaboni, 6 za hidrojeni na 1 ya oksijeni. Hazisemi zimeungana vipi. Oksijeni ikiwa pembeni, tunapata ethanoli, yaani pombe, inayochemka kwenye nyuzi 78 za Sentigredi. Oksijeni ikikaa katikati ya kaboni mbili, tunapata dimethili etha, ambayo ni gesi. Matofali ni yale yale, nyumba ni nyingine.

Sasa tazameni hatari. Methanoli, inayotumiwa viwandani kuyeyushia rangi na vitu vingine, ina kaboni 1 tu badala ya 2. Kwa macho, hiyo na ethanoli zote ni kama maji. Lakini ini hugeuza ethanoli kuwa asidi ya siki, na methanoli kuwa asidi ya fomiki, ile ile inayogandisha utomvu katika mashamba ya mpira. Mwilini asidi hiyo hupofusha na kuua. Huko Kabale, Uganda, mwaka 2010, makumi ya watu walikufa kwa waragi yenye methanoli. Aliyekunywa apelekwe hospitali mara moja. Asingoje macho yaingie ukungu.

Je, tufundishane vipi? Mwaka 1865, mjini London, Mjerumani August Wilhelm Hofmann alionyesha molekuli kwa mipira ya mchezo na vijiti: kaboni nyeusi, hidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu. Rangi hizo zinatumika hata leo. Sisi twaweza kutumia udongo wa mfinyanzi na njiti za kiberiti. Mwanafunzi ajenge ethanoli kwa mikono yake, kisha atoe kaboni 1 na hidrojeni zake 2, aunganishe upya. Anachokishika sasa ni sumu. Hatasahau.

Kwa hiyo kila tawi lidai mambo mawili. Kwanza, katika masomo ya usalama kazini umbo litangulie, herufi zifuate. Pili, madumu ya methanoli yaandikwe jina na kufungwa, wala yasitumiwe tena kwa maji au pombe. Tusitie sahihi karatasi ya majina magumu ambayo hatujaelezwa maana yake.