Habu nyepesi au habu imara? Tunachoweza kujifunza kwenye baiskeli za bei ghali

Msikilizaji wetu, ukiinua gurudumu la baiskeli ya mashindano utashangaa lilivyo jepesi. Mkono mmoja unatosha, tena bila kukaza misuli. Ukishika gurudumu la nyuma la Phoenix, lile linalobeba magunia na madumu ya maji huku kwetu, unajua kabisa umeshika chuma. Ndiyo maana swali hili linarudi mara kwa mara kipindini: kama habu za baiskeli ghali ni nyepesi hivyo na bei yake iko juu hivyo, je, ndizo zinazodumu zaidi?

Jibu fupi ni kwamba si lazima. Habu inaweza kuwa ghali kwa sababu ni nyepesi, au kwa sababu ni imara, na mambo hayo mawili mara nyingi huvutana. Tuelezane kwa nini.

Habu inabeba nini?

Habu ni kitovu cha gurudumu. Spoki zote zinashikwa pale. Katikati yake inapita ekseli, na kati ya ekseli na habu kuna beringi au goroli zinazofanya gurudumu lizunguke bila kusagana. Habu ya nyuma ina kazi ya ziada: inapokea nguvu ya mnyororo, na ndani yake au ubavuni mwake kuna meno yanayokamata ukikanyaga pedali na kuachia ukipumzika.

Kwa hiyo uzito wako, mzigo wako na kila shimo la barabarani vyote hupita kwenye kipande hicho kidogo.

Wepesi unatoka wapi

Mtengenezaji anayetaka habu nyepesi ana sehemu chache tu za kupunguza, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni mwili wa habu. Chuma kinawekwa pembeni, inatumika alumini, na ukingo unaoshika spoki unachongwa uwe mwembamba. Alumini huchoka ikivutwa na kuachiwa mara nyingi, hivyo ukingo mwembamba mno unaweza kupasuka kwenye matundu ya spoki.

Ya pili ni beringi. Ndogo ni nyepesi, lakini inabeba kidogo na inakwisha mapema. Kuna pia goroli za kauri, ambazo ni nyepesi na ngumu kuliko za chuma. Zikiwa safi zinateleza vizuri sana. Mchanga ukiingia, njia ya chuma inamopita goroli ndiyo inayoumia.

Ya tatu ni sehemu inayovaa gia. Ikitengenezwa kwa alumini, gia za chuma huikata taratibu na kuacha alama kama za panga kwenye gogo. Shimano ya Japani imewahi kutumia titani kwenye habu zake za juu za Dura-Ace ili kupata wepesi bila tatizo hilo, huku habu zake za bei ya kati zikitumia chuma. Chris King wa Marekani, ambaye jozi ya habu zake huuzwa kwa mamia ya dola, humpa mnunuzi nafasi ya kuchagua sehemu hiyo ikiwa ya chuma kisichoshika kutu. Anayechagua chuma anaongeza uzito kwa hiari yake ili habu idumu.

Mfano mzuri zaidi unatoka Uswisi. Kampuni ya DT Swiss ina habu zinazoitwa 350, 240 na 180. Kwa miaka mingi zote tatu zilitumia mtindo mmoja wa kukamata: pete mbili zenye meno zinazotazamana na kusukumwa na springi. Ya 180 ndiyo nyepesi na ghali zaidi, ya 350 ndiyo nzito na nafuu zaidi. Fedha nyingi unayoongeza kutoka 350 hadi 180 inakwenda kununua gramu zilizopungua. Huongezewi miaka mingine ya kazi.

Hata meno ya pete yana hesabu yake. Pete yenye meno 54 hukamata haraka ukikanyaga, lakini meno yake ni madogo. Kwa baiskeli za mota, zenye nguvu kubwa, kampuni hiyo hutumia pete ya meno 24, ambayo ni machache na manene.

Gramu 100 zina thamani gani?

Chukua mwendeshaji wa kilo 65 kwenye baiskeli ya kilo 7. Jumla ni kilo 72, yaani gramu 72,000. Ukimpunguzia gramu 100 kwenye habu, umepunguza sehemu moja kati ya 720. Akipanda mlima mkali kwa saa nzima, ambako karibu nguvu zake zote zinapambana na uzito, ataokoa kama sekunde 5.

Na habu si mahali pazuri pa kutafuta wepesi. Uzito ulio kwenye ringi na tairi unakuchosha mara mbili unapoanza mwendo, kwa sababu unausukuma mbele na papo hapo unauzungusha. Uzito wa habu uko katikati, hauzunguki umbali mrefu. Kama una hela ya kupunguza uzito, anza na tairi.

Kwa mshindani, sekunde 5 zinaweza kuwa ushindi. Mwaka 1972 Eddy Merckx wa Ubelgiji aliweka rekodi ya saa moja jijini Mexico City kwa kwenda kilomita 49.431. Baiskeli yake ilikuwa chini ya kilo 6, na hata mnyororo ulitobolewa matundu kupunguza uzito. Ilihitajika kufanya kazi kwa saa moja tu, kwenye uwanja laini.

Tangu mwaka 2000, shirikisho la dunia la mchezo huo, UCI, limeweka kikomo: baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Timu ikishafika hapo, gramu zinazopunguzwa tena hazina faida, na fundi anaweza kuweka kifaa kigumu zaidi. Hata hivyo, wale tuliowaona Kigali kwenye mashindano ya dunia Septemba 2025 walifuatwa na magari yenye magurudumu ya akiba. Wewe ukitoka shambani jioni hufuatwi na gari.

Kampuni moja, maamuzi mawili

SRAM ya Marekani inatengeneza vifaa vya mashindano, na magurudumu ya Zipp ni yake. Watu wa kampuni hiyohiyo ndio walioanzisha World Bicycle Relief mwaka 2005, shirika linalotoa baiskeli za Buffalo kwa vijiji vya Afrika. Je, waliweka humo habu nyepesi wanazozifahamu vizuri? Hapana. Buffalo ina uzito wa zaidi ya kilo 20, keria yake imetengenezwa kubeba kilo 100, na breki ya nyuma iko ndani ya habu: unarudisha pedali nyuma, baiskeli inasimama. Ujuzi waliokuwa nao ni uleule, ila kazi ya baiskeli ilikuwa nyingine.

Ukienda kununua, hasa baiskeli ya mtumba

Hesabu spoki. Gurudumu la spoki 20 au 24 ni la mwendo, si la mzigo. Tafuta 32, 36 au 40.

Kagua ukingo wa habu kwenye matundu ya spoki. Ukiona ufa, hata mdogo kama unywele, usinunue. Hauzibiki kwa kuchomelea.

Shika gurudumu kwa juu ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, koni zimelegea au beringi zimekwisha. Kulegea hurekebishwa kwa spana dakika chache, lakini ukiendelea kuiendesha hivyo, goroli zitachimba njia yake, na habu za alumini mara nyingi hazibadilishwi njia hiyo.

Kama ni ya gia nyingi na gia zake zimefungwa kwa kuskuruwa, zungusha gurudumu la nyuma utazame ekseli. Kwenye habu hizo beringi iko mbali na mwisho wa ekseli, hivyo mzigo mzito huipinda au kuikata.

Kwa matengenezo, mwambie fundi aoshe kwa mafuta ya taa, akaushe, aweke grisi mpya na abadilishe goroli zote kwa pamoja. Goroli mpya ni kubwa kidogo kuliko zilizolika, na ukizichanganya, mpya chache zitabeba mzigo wote. Kama habu ina beringi za kufunikwa, namba imeandikwa ubavuni. Nenda nayo dukani.

Muuzaji akikusifia kwamba habu yake ni nyepesi, usikatae wala usikubali haraka. Muulize inabeba kilo ngapi, na ikiharibika vifaa vyake vinapatikana wapi. Kama jibu la pili ni mji ulio safari ya siku nzima, basi habu hiyo si nyepesi kwako.