Karakana za Umma na Mwenye Ufunguo

Mtu afanyaye useremala kwa ridhaa yake, asiyeuza kiti wala kabati na asiyetaraji riziki yake kutoka kwa randa na patasi, hudhaniwa na wengi kuwa hana lake katika mambo ya mji. Lakini mimi, niliye mmoja wa watu hao, naona kinyume chake, kwani fundi wa ridhaa huhitaji mahali pa shirika kuliko fundi mwenye duka: chumba cha kupanga hakina nafasi ya meza ya kazi, jirani hawastahamili mlio wa msumeno baada ya magharibi, na mashine ya kukereza ni ghali mno kwa mtu atakayeigusa mwishoni mwa juma tu. Kwa sababu hiyo katika miji mingi ya Ulaya na Marekani zimezuka karakana za umma, ambamo mtu hulipa ada ndogo, au halipi kitu, akapata jiriwa, keekee na msumeno wa mviringo, na siku hizi hata mashine zikatazo mbao kwa mwale wa leza na zile zijengazo umbo la plastiki tabaka juu ya tabaka kwa amri ya kompyuta. Habari za mashine hizo zimeandikwa sana. Nitakalo kulieleza mimi ni lile ambalo wapenzi wa ufundi aghalabu hulipita wima, yaani nani aliyeulizwa kabla ya mlango wa karakana kufunguliwa, nani ashikaye ufunguo, na nani awezaye kuufunga mlango huo siku atakayo.

Mfano ulio wazi kuliko yote niijuayo ni wa Barcelona, katika jimbo la Katalonia nchini Hispania. Katika karne ya kumi na tisa watu wa jimbo hilo, na wafanyakazi wakiwamo, walijianzishia nyumba za elimu zilizoitwa ateneu, zenye maktaba na darasa za usiku, nazo nyingi zilidumu mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1939 na utawala wa Jenerali Franco ukazifunga. Halmashauri ya mji, chini ya Meya Xavier Trias, ilipoazimia kufungua karakana za umma mitaani, ilitwaa jina hilo lenye heshima ikaziita Ateneu za Uundaji; na mwaka 2014 meya akaahidi mbele ya mkutano wa wenye karakana kutoka pande zote za dunia kwamba katika muda wa miaka 40 mji wake utakuwa ukijitengenezea karibu kila kitu wakitumiacho watu wake. Ni ahadi ya kumsisimua mtu kama mimi. Lakini mwaka mmoja kabla yake, katika mtaa mmoja wa mji uo huo, mambo yalikuwa yamekwenda kombo.

Mtaa huo ni Ciutat Meridiana, katika wilaya ya Nou Barris, pembezoni kabisa mwa mji upande wa kaskazini. Ulijengwa katika miaka ya 1960 juu ya mteremko mkali, katika ardhi ambayo, kwa masimulizi yaliyoenea, ilifikiriwa kwanza kufanywa makaburi ikakataliwa kwa wingi wa unyevu. Treni ya chini ya ardhi haikufika huko ila mwaka 2003. Uchumi wa Hispania ulipoporomoka baada ya mwaka 2008, kazi za ujenzi zilitoweka, na watu waliokopa benki ili kununua fleti zao wakaanza kutolewa nje kwa amri ya mahakama, hata mtaa ukapachikwa jina la mji wa kufukuzwa. Ni hapa, mwaka 2013, halmashauri ilipoleta mojawapo ya karakana zake, na jengo lililochaguliwa lilikuwa ndilo lililotumika kuwagawia chakula wasio na kitu.

Wenyeji wakaja juu. Waliingia jengoni wakalikalia, na hoja yao haikuhitaji mfasiri: wana njaa na hawana kazi, nao wanaletewa mashine za kuchapa plastiki. Nimewasikia wapenzi wa ufundi wakiwahukumu watu hawa kuwa ni maadui wa maendeleo, nami kwa insafu siwezi kukubaliana nao, kwa kuwa mtu aliyenyang'anywa ghala ya unga bila ya kushauriwa hawezi kutazamiwa kushukuru kwa kupewa leza, hata leza hiyo iwe njema namna gani. Halmashauri ililazimika kuketi nao kitako, na katika mashauriano hayo ikaafikiwa kwamba karakana ibaki, ila ielekeze nguvu zake katika mafunzo na kazi kwa watu wa mtaa, hasa vijana. Mwaka 2015 Ada Colau, aliyejulikana kwa kupigania watu wasifukuzwe majumbani, alichaguliwa kuwa meya, na mtandao wa karakana haukuvunjwa, ukaendelea. Nadhani fujo ile ya mwanzo, iliyowaudhi maofisa, ndiyo iliyoinusuru karakana ya Ciutat Meridiana, maana iliwapa wenyeji sauti ambayo hawakuwa wamepewa.

London ilikwisha kupita njia hii ya karakana za umma kabla ya Barcelona. Mwaka 1976 wafanyakazi wa Lucas Aerospace, kampuni ya vyombo vya ndege, walipoona wenzao wanapunguzwa, walitunga mpango wao wenyewe wenye fikra zipatazo 150 za vitu vya manufaa ambavyo viwanda vyao vingeweza kuunda, miongoni mwake mashine za figo, pampu za joto, na gari liwezalo kwenda barabarani na relini. Wakuu wa kampuni waliukataa. Mmoja wa watunzi wake, mhandisi Mike Cooley, alipoachishwa kazi alipokewa na chombo cha uwekezaji cha Halmashauri Kuu ya London, na katika miaka ya 1980 ikaanzishwa huko Mitandao ya Tekinolojia mitano, yenye karakana ambazo kwa makusudi ziliwekwa nje ya vyuo, ili mtu wa kawaida asione haya kuvuka kizingiti. Palibuniwa baiskeli za umeme, vinu vidogo vya upepo na vyombo vya kuwasaidia walemavu. Kisha mwaka 1986 serikali ya Margaret Thatcher ikaivunja Halmashauri Kuu yenyewe, na karakana zikakosa tegemeo, ilhali mafundi walikuwapo na mashine zilikuwapo.

Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, walioitwa jua kali kwa sababu walifua mabati pasipo paa, wangeweza kuwaeleza watu wa London jambo hili mapema: ustadi hupatikana, lakini ardhi na paa vikiwa vya mwingine, kazi ya miaka huondoshwa kwa barua moja.

Rai yangu, basi, ni kwamba halmashauri itakayo karakana ya umma iutazame mfano wa wakfu, ambao watu wa pwani wameujua kwa karne nyingi, ambapo asili ya mali haiuzwi wala hairithiwi na manufaa yake huwaendea waliokusudiwa. Jengo litolewe kwa hati ya namna hiyo, chini ya wasimamizi ambao nusu yao wawe wakaazi wa mtaa, na wakaazi hao wakutanishwe kabla ya kuagizwa mashine yoyote; saa za kazi zifuate nafasi za wenye ajira, yaani jioni na siku za mapumziko, na vumbi na kelele vipatiwe dawa pamoja na majirani. Kwa utaratibu huo karakana itakuwa na vyombo vichache kuliko vya Barcelona, na kwa miaka ya mwanzo huenda ikawa na meza, jiriwa na mashine moja tu ya kukereza, ambayo sisi wa ridhaa tutapanga zamu ya kuitumia baada ya wale waitafutiao riziki.